Makopo Yaliyoshiba

4 Machi

Dada Birika,

Pokea salamu zangu na za Baba. Huku hatujambo. Baba ameagiza nikuulize kwanza habari za miguu yako, kama bado inavimba kwa kusimama kwenye masufuria ya wanafunzi kutwa nzima, ndipo niseme mengine. Basi nimeuliza. Mwenye nyumba amepaka rangi mlango wa mbele, na sisi wapangaji tunatazamana tu, maana tunajua rangi hiyo italipwa na nani. Fundi mkuu pale kwenye cherehani bado ananiita Sindano mbele ya wateja. Sijanenepa, kwa hiyo sina la kumjibu.

Bahasha hii ni yako ileile. Nimeibandua gundi nikaigeuza ndani nje kama ulivyonifundisha. Gia Moja ameahidi itakufikia wiki hii au ijayo. Lori lake analiendesha kama jina lake, lakini hadai hata senti kwa kubeba barua, na bure ni bure.

Sasa jambo lenyewe. Nimempeleka Baba hospitali ya macho. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na amekomaa. Anachoona sasa ni vivuli tu. Kivuli kirefu chembamba anajua ni mimi, kifupi kipana anajua ni jirani. Daktari anasema akipasuliwa ataona, tena vizuri, ila tusichelewe kupita Septemba, na fedha zote ziwe zimelipwa kabla hajapanda kitandani. Nilipotajiwa kiasi nilikaa chini. Baba nilimtajia nusu yake, na hiyo nusu ilimtoa jasho.

Ana sharti moja. Anasema bandeji ikifunguliwa, uso wa kwanza kuuona uwe wako. Wangu ameuchoka, na wako hajauona tangu uhamie huko. "Mwambie Birika aje, nione kama uchoyo umemzeesha." Nimeandika kama alivyosema, usininunie mimi.

Basi nifundishe, dada yangu. Wewe ukiibana hela huwa inalia. Mimi mshahara wangu unaponyoka kama mlenda na sioni ulikopita. Nifundishe ya sokoni, ya jikoni, ya benki. Nitafuata kila utakalosema.

Mdogo wako,
Sindano

19 Machi

Mdogo wangu Sindano,

Barua imefika, ina oili ya lori kwenye kona lakini inasomeka. Nawe pokea salamu zangu, na za miguu yangu. Inavimba, inashuka, ndiyo kazi yake. Hapa shuleni tumeletewa mkuu mpya ambaye lazima aonje chakula kabla ya wanafunzi. Anaonja, anatikisa kichwa kwa masikitiko, kisha anamaliza sahani. Habari ya uchoyo nimeisikia. Mwambie Baba kwamba birika halimwagi ovyo, lakini vikombe vyote nyumbani vimejazwa na birika hilohilo.

Sasa sikiliza, na usinikatize.

Sokoni usiende asubuhi. Asubuhi ni ya wenye nacho. Nenda wakati wauzaji wanaanza kukunja maturubai, kwa sababu nyanya iliyolegea na iliyosimama zote zinaishia sufuriani, na muuzaji hapendi kurudi nayo nyumbani. Usiende na njaa, maana njaa haijui bei. Usinunue vitu kwa vipimo vidogo vidogo, sukari ya leo, mafuta ya leo. Hivyo ndivyo wenye maduka wanavyojenga. Mche wa sabuni ukate vipande, uuanike mpaka ukauke kabisa, hautayeyuka upesi. Maharage yaloweke tangu jana yake, utapunguza mkaa.

Tena tafuta makopo yasiyo na karatasi. Kila soko lina mtu anayeyauza. Ghala limevuja, karatasi zimebanduka, hakuna anayejua ndani kuna nini, basi bei inaanguka. Wewe unaye Baba. Amepakia makopo ghalani ujana wake wote, anatikisa tu anakwambia hili njegere, hili samaki. Mpe kazi hiyo, itamchangamsha kuliko kukaa anahesabu vivuli. Wala usipoteze mkaa kupasha moto. Cha kopo kimeshapikwa kiwandani, fungueni mle.

Benki, ile akaunti yako yenye kadi ifunge. Kadi ni mdomo mwingine nyumbani. Ukitoa hela inakula, ukiuliza salio inakula, ukikaa kimya mwisho wa mwezi inakula. Fungua akaunti ya malengo, ile ya kuweka bila kutoa, na mimi nitakuwa naingiza humohumo. Ukiivunja kabla ya muda, faida yote inapotea na wanakukata juu yake. Kwa hiyo haivunjwi, hata mvua inyeshe ndani ya nyumba. Tuiite akaunti ya macho.

Hospitali msikimbilie kwa kila chafya. Kumwona daktari tu, kabla hajakugusa, ni unga wa wiki.

Na simu. Mara ya mwisho tulipopigiana salio lilikwisha nikiwa bado nakusalimia. Barua ni bure, na mtu akiandika hufikiri. Simu iwe ya msiba tu.

Dada yako,
Birika

11 Aprili

Dada Birika,

Salamu kutoka kwetu sote, pamoja na nyanya zilizolegea. Baba hajambo. Mwenye nyumba amepandisha kodi, kama tulivyotabiri, na ule mlango ameuita "maboresho". Nikasema moyoni, boresha na bomba basi.

Nimefanya yote. Kadi nimeirudisha benki, karani akaikata kwa mkasi mbele yangu, nikahisi kama nimekatwa kucha zilizozidi. Akaunti ya macho imefunguliwa. Sokoni sasa wananijua. Wakiniona natokea, wanajua jua limekwisha, wanaanza kunikusanyia vilivyobaki.

Lakini makopo, dada! Umemfufua Baba. Nimempata muuzaji, ana meza nzima ya makopo yaliyo uchi. Nikiyaleta nyumbani Baba anakaa kitako, anashika moja, analitikisa sikioni na kufumba macho, ingawa kufumba na kufumbua kwake ni mamoja. Kisha anahukumu. Tumeweka sheria kwamba akipatia mimi naosha vyombo, akikosea anaosha yeye. Tangu tuanze ameosha mara moja. Alisema samaki, likatoka nanasi. Alisema kiwanda ndicho kilichokosea. Lakini lile nanasi alilila polepole sana, akaniuliza kama naweza kupata jingine. Nikamwambia hapo ndipo penye mchezo, Baba, hatujui.

Chakula cha jioni ni chake peke yake. Mimi nakula mchana kazini, jioni huwa sina njaa. Nalo ni punguzo. Fundi mkuu ameniona nikilipunguza gauni langu mwenyewe kiunoni mara ya pili, akauliza kama wateja wamekwisha mpaka nijishone mwenyewe. Tukacheka.

Baba anauliza likizo yako ni lini.

Sindano

29 Aprili

Mdogo wangu,

Nawasalimu. Mimi mzima. Jiko moja kubwa limeharibika, kwa hiyo tunapikia mawili na wanafunzi wanapanga foleni mpaka uwanjani. Mkuu bado anaonja.

Umefanya vizuri, sikutegemea. Barua yako ya makopo nimeisoma kwa wenzangu jikoni tukacheka mpaka mchele ukaanza kushika chini. Nimemwona Baba kabisa, na ile kofia yake.

Likizo yangu ni mwisho wa Mei. Mdogo wangu, nimeikalia nauli hiyo kama kuku. Kwenda na kurudi, ukiitazama vizuri, ni kipande kizima cha jicho. Kwa hiyo siji. Nauli yote naiingiza kwenye akaunti ya macho, na nitakuja Septemba bandeji inapofunguliwa. Safari moja badala ya mbili. Mwambie Baba avumilie, uso wangu haupandi bei.

Umeandika kwamba jioni huna njaa. Sikuwa nimekuuliza. Kula.

Birika

20 Mei

Dada Birika,

Salamu nyingi. Baba alipoambiwa huji aliomba kopo alitikise. Baadaye akasema una akili, Septemba siyo mbali. Kisha akaomba jingine. Mimi nakula, usiwe na wasiwasi. Jirani yetu mfupi amejifungua salama, mtoto wa kike, na kilio chake kinapita ukuta kama hakuna ukuta.

Leo nina la kukuchekesha. Yule muuza makopo kuna mengine ameyatenga chini ya meza. Vifuniko vyake vimeinuka, juu na chini, mpaka kopo likiwekwa linayumba. Anayauza kwa bei ya kutupa, eti watu hawapendi sura yake. Nilijizuia kucheka. Mtu mzima anafanya biashara ya makopo na hajui kwamba kopo lililojaa mpaka linasukuma kifuniko ndilo lenye chakula kingi! Nikachukua matatu upesi kabla hajazinduka, nikaondoka bila kugeuka nyuma.

Baba aliyapapasa. Akakibonyeza kifuniko kwa dole gumba, kikazama, kikarudi juu. Akasema, "Haya yameshiba. Enzi zetu makopo ya namna hii hayakuwa yanatufikia sisi wapakiaji. Yalikuwa yanaondolewa pembeni mapema, tunaambiwa tusiyaguse. Kumbe wakubwa walikuwa wanakula wao!" Alifurahi kama mtu aliyelipwa malimbikizo ya mshahara. La kwanza amesema ni mbaazi, la pili maharage. La tatu limemshinda, na mimi najua anaomba liwe nanasi.

Hatuyafungui sasa hivi. Nimeyapanga juu ya kabati. Tumekubaliana kwamba siku akaunti ya macho ikifika nusu, ndipo tunafungua la kwanza, tusherehekee kidogo.

Sindano

1 Juni

Mdogo wangu Sindano,

Salamu kwako na kwa Baba, na hongera kwa jirani. Mimi mzima. Jiko limetengenezwa. Nauli niliingiza benki wiki iliyopita, kaangalie kama imefika.

Sasa hili ulisome mara mbili. Yale makopo matatu usiyafungue. Kopo likivimba halijashiba, limeharibika. Kinachoinua kifuniko ni hewa ya uozo, na ndani panaweza kuwa na sumu isiyo na harufu wala ladha. Hapa jikoni likija la namna hiyo tunalichimbia shimo, hatulitupi hata jalalani, mbwa asije akalipata. Baba alikuwa anayaona yakitengwa, lakini inaonekana hakuna aliyemwambia kwa nini. Mimi nilidhani jambo hili kila mtu analijua, ndiyo maana sikuliandika. Huyo muuzaji analijua vizuri sana, mwambie nimesema hivyo. Yachimbie.

Utanicheka. Nilipomaliza kusoma barua yako nilitoka mbio na aproni yangu mpaka kwa muuza vocha. Nikafika, hela mkononi. Halafu nikajiuliza, Birika, kuna haraka gani? Makopo yako juu ya kabati, wanangoja akaunti ifike nusu, na Gia Moja anaondoka keshokutwa. Nikageuka. Ile hela ya vocha nayo nimeitia kwenye macho ya Baba.

Birika

6 Juni

Dada,

Leo salamu ni fupi, utanisamehe.

Juzi nilipita benki. Karani akanigeuzia skrini nione mwenyewe. Tumevuka nusu! Ni ile nauli yako. Nilitembea nyumbani nikicheka peke yangu, watu wakanipisha. Baba aliposikia alivua kofia, akaiweka magotini, akasema lete lililoshiba.

Lilipotobolewa lilipumua, fuu, kama mtu aliyetua mzigo. Mbaazi! Alipatia, nikaosha vyombo. Tulifuata ulivyosema, mkaa hatukuwasha. Alikula lote, maana mimi nilikuwa nimeshakula kazini.

Tangu jana asubuhi macho yake yamebadilika. Anasema vivuli vimekuwa viwili viwili. Kope zinamwangukia, anaziinua kwa kidole. Sauti imekuwa nzito kama ana kitu mdomoni, na maji yanampalia. Hana homa, na akili yake ni timamu kabisa. Nadhani ni mtoto wa jicho anamalizia kukomaa. Nilitaka kumpeleka hospitali leo. Amekataa. Anasema hela ya daktari itatoka wapi kama si kwenye macho, na akaunti haivunjwi. Nilimbishia kidogo. Sikumbishia sana, dada, kwa sababu hesabu hiyo nilikuwa nimeshaipiga moyoni kabla yake.

Kuna kitu kilitufurahisha. Mchana nilisimama mlangoni, akanitazama kwa muda mrefu, akasema kwa hiyo sauti yake mpya, "Kumbe mko wawili. Birika amekuja."

Nikamwambia, "Baba, niko peke yangu."

Akasema, "Usinifiche. Nawaona. Amesema haji, lakini amefika."

Nikaona nisimharibie. Nikamwambia ndiyo, tuko wote.

Gia Moja bado yuko njiani kutoka kwenu, kwa hiyo barua hii nampa utingo wa lori jingine. Niandikie upesi uniambie, hizi kope tusubiri nazo Septemba hivyohivyo, au tufanyeje.

Sindano

27 Juni

Dada,

Barua yako ya tarehe mosi imefika leo. Gia Moja alikatika ekseli katikati ya pori, akalala huko na mzigo mpaka spea ilipopatikana. Hakuwa na habari. Alinikabidhi bahasha kwa mikono miwili, akauliza, "Mzee hajambo?" Nikamwambia hajambo. Sijui kwa nini.

Nimeisoma mara mbili, kama ulivyoagiza.

Sasa naelewa ulichokuwa unakifanya pale kwenye ngazi. Wiki nzima ya msiba wa Baba ulikaa nje, unatazama barabara, lori likipita unasimama. Watu wakasema mwacheni, kila mtu ana namna yake ya kulia. Nikakuletea chai nje, nikakufunika kanga mabegani. Ulikuwa unamngoja Gia Moja. Ulitaka barua uipokee wewe.

Nilikusimulia yote, dada. Kwamba tarehe saba alishindwa kumeza hata mate, nikambeba kwa mkokoteni wa jirani mpaka hospitali. Kwamba pumzi ilimwishia kesho yake asubuhi, akinitazama, dawa ikiwa bado inatafutwa. Kwamba daktari aliuliza alikula nini, nikamwambia, akasema ni sumu ya kwenye kopo, na kwamba ingechemshwa vizuri huenda isingemuua. Ulinishika mkono ukaniambia, "Hukujua, mdogo wangu." Neno hilo ndilo lililonilaza usingizi. Nililishika kama mtoto anavyoshika nguo ya mama yake. Kumbe wewe ulikuwa unajua, ulishafika kwa muuza vocha, hela ikiwa mkononi, ukageuka.

Nilipokupigia tarehe nane ulishika kabla haijalia mara ya pili, ukaanza kulia kabla sijasema. Ulijua ni msiba kwa kuwa simu uliiwekea kazi hiyo. Na nauli ya kuja kumzika ilipatikana siku ileile.

Nina langu pia, nisikuachie zigo lote. Sikuwa nimekula kazini. Sijala chakula cha jioni tangu Machi. Lile kopo lilikuwa letu wawili, na mimi nilimwachia lote ili kesho nisinunue jingine. Na jeneza, dada. Nilipatana na seremala bei ya jeneza la Baba. Mdomo ulifunguka wenyewe. Nikasema mbao hii ina ufa, punguza. Akapunguza. Nikatoka pale nimefurahi, nikafika nusu ya njia ndipo nikakumbuka nimenunua nini.

Kama huna la kusema usiandike.

Sindano

10 Julai

Mdogo wangu,

Sikusalimu. Sijui nikusalimie kwa lipi.

Ni kweli. Nilikuwa namngoja Gia Moja. Ningeipata ile barua ningeitia motoni, na ungekufa mzee bila kujua kwamba iliandikwa. Nilikuwa nimeshaamua. Kila lori lilipopita niliomba liwe lake, kisha likipita naona aibu kwa nilichokuwa naomba.

Niliporudi huku nilikuta barua yako ya tarehe sita imepitishwa chini ya mlango. Yule utingo alikuwa mwaminifu kuliko ndugu. Nimetoka kumzika Baba, nimefungua mlango wangu nikamkuta mzima kwenye karatasi, ameziinua kope kwa kidole, nawe unauliza tufanyeje. Nimesoma aliposema nimefika. Mdogo wangu, sikufika. Alikufa anadhani kile kivuli cha pili ni mimi, na mimi nilikuwa huku nakagua mchele, nina amani, nimeokoa hela ya vocha. Ulifanya vizuri kumwambia tuko wote. Ni zawadi uliyonipa na sikustahili.

Siombi unisamehe. Nakuomba ule jioni. Akaunti ya macho ivunje, faida ipotee, makato wakate, chukua kilichobaki ununue chakula ukipike, ukile kikiwa moto.

Tangu nirudi nimekuwa nanunua vocha. Wenzangu wanadhani nimepata mchumba. Zimejaa mfuko wa aproni na sijakwangua hata moja. Kila nikiweka ukucha nakumbuka nilichokuambia kuhusu simu. Naogopa itakulilia mkononi, utadhani kuna mwingine amekufa.

Birika

25 Julai

Dada,

Nakusalimu. Nimeona mmoja wetu aanze.

Akaunti nimeivunja. Karani aliuliza sababu, nikamwambia mwenye macho hayupo. Akafikiri nimemtania. Walikata walichokata. Nilikwenda kwa seremala nikamrudishia lile punguzo. Alikataa kulipokea, nikaliweka kwenye benchi lake juu ya maranda nikaondoka.

Makopo mawili yaliyobaki nimeyachimbia nyuma ya nyumba. Shimo lilinifika kiunoni. Mwenye nyumba alichungulia akauliza nazika nini, nikaendelea kuchimba, akarudi ndani taratibu. Hicho ndicho chakula cha kwanza kutupwa katika nyumba yetu tangu nizaliwe. Lile la tatu, lililomshinda Baba, nililitikisa sikioni kabla ya kulifukia. Nimefumba macho kama yeye. Sikusikia kitu.

Yule muuzaji nilimfuata. Nilikwenda nimejiandaa kupiga kelele mpaka soko zima lije. Chini ya meza yake hakuna kitu tena. Aliponiona alinisalimia vizuri, akaniuliza mzee anaendeleaje na mchezo wake. Nikamwambia kilichomuua, na waliokuwa wananunua wakasikia, wakarudisha makopo mezani mmoja mmoja.

Sijakusamehe. Mimi mwenyewe sijajisamehe, kwa hiyo usijione uko peke yako. Nyumba ni kubwa sana. Jioni nikiingia naona kiti chake na kivuli changu, basi.

Jana nimekula. Niliwasha mkaa, nikapasha moto mpaka kikachemka, nikala nikilia, lakini nilimaliza.

Bahasha hii ni mpya, usiigeuze. Usimpe Gia Moja jibu. Kwangua vocha moja unipigie, hata kama huna la kusema. Ikilia sitadhani kuna aliyekufa. Tumebaki wawili tu, na nitakuwa naisikia sauti yako. Salio likikwisha katikati, kwangua nyingine.

Mdogo wako,
Sindano